Ukoko wa Jiwe

Miaka ya tisini, nilipomaliza kidato cha nne, nilirudi nyumbani Magunga nikakaa kupika ugali na kununa. Karo ya chuo haikuwepo. Kisha akaja mwalimu wa chuo kikuu kutoka Nairobi, mwanamke mfupi mwenye nyundo, akitafuta mtu wa kumwonyesha njia za milima yetu, ambayo zamani ilikuwa volkano. Alisema nikifanya kazi vizuri angenitafutia nafasi ya msaidizi katika maabara yao. Sijawahi kutamani kitu namna ile.

Siku nne tuliokota punje nyeusi zilizong'oka kwenye mawe. Alinieleza kwamba zilikulia chini sana ardhini, na kwamba ukingo wa kila punje unaonyesha uji wa mawe yaliyoyeyuka uliibeba juu kwa kasi gani. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, na sikuelewa hata robo. Mimi niliyesoma shule ya bweni ya Asumbi, niulize kama mtoto?

Siku ya tano alikwenda Migori kutafuta kipuri cha gari. Aliniachia kopo la punje.

"Uziweke safi," akasema.

Kwetu msichana hujulikana kwa mgongo wa sufuria zake. Asubuhi nzima nilizisugua punje zile kwa mchanga, majivu na gunzi la mahindi, mpaka zikang'aa. Nikazipanga juu ya gazeti, nikamngoja aje anisifu.

Alirudi alasiri. Aliinua punje moja, akaigeuza, akainua nyingine.

"Hizi umezifanya nini?"

"Nimeosha, Mwalimu. Na mchanga."

"Nilisema safi, yaani usichanganye na zingine! Hiyo ganda ya nje ndiyo nilikuwa nataka!"

Akaketi kwenye kigoda. Nilitaka kumjibu kwamba angesema hivyo tangu mwanzo, lakini nikaanza kuzirudisha punje koponi. Niliiona ile maabara ikiondoka na gari lake.

Mama, aliyekuwa akiosha vyombo hapo uani, akauliza kwa Kijaluo ni nini kimeharibika. Ilinibidi nimweleze, na maneno makubwa ya mwalimu sikuwa nayo kwa lugha yetu. Nikachukua sufuria ya ugali mkononi mwake, nikamwonyesha kilichoganda ndani. Mwalimu alitaka hiki, nikasema, na mimi nimekikwangua chote.

Nikabaki nimeikodolea macho sufuria.

"Mwalimu," nikasema, "kwani si ni ukoko? Ugali ikikaa kwa moto sana, ukoko inakuwa nene. Ukiepua haraka, inakuwa kidogo tu. Sasa punje ikipanda polepole, si ndio inashika ukoko mingi? Na ile imepanda mbio haina?"

Aliinuka kwenye kigoda.

"Sema tena."

Nikasema tena. Alitoa daftari lake, akaandika neno moja, akalipigia mstari.

"Miaka yote nafundisha hii kitu, na sijawahi kuipatia jina la jikoni." Akacheka, nami machozi yakanitoka bila ruhusa. "Kesho tunarudi mlimani kuokota zingine. Saa kumi na mbili. Na usinijie na hizo patipati."

Viatu vingine sikuwa navyo ila hizo ndala za mpira. Nilimfasiria Mama, nikijifanya ni jambo dogo. Yeye alivua gambuti zake za shamba, akazikung'uta udongo ukutani, akaja peku kuziweka mbele ya miguu yangu.