Kikohozi Kwenye Ukungu

Fundi anachomoa waya za plagi moja moja injini ikiwa inaunguruma, na harufu ya petroli mbichi inanirudisha kwenye ukungu wa ukingo wa kreta.

Gari la baba lilikuwa linamisi, linakohoa njia nzima. Aliniweka kwenye usukani, akafungua boneti. "Mlio ukibadilika sema, mama."

Alichomoa waya tatu, moja baada ya nyingine, na kila mara injini ilidorora. Ya nne haikubadilisha kitu.

"Plagi mbovu ndiyo hii. Zima."

Nikazima. Injini ilinyamaza. Kikohozi kikaendelea mle ukunguni, kwa mapigo yaleyale, kikitusogelea.

"Washa," baba alinong'ona.

Tuliondoka na plagi mbovu yetu.

"Nimeipata. Zima, dada," fundi ananiambia sasa.

Ufunguo nimeushika tu.