Kadi ya Harusi Katika Distributa

Gari lililompeleka Hawa kwa mumewe liliwaka kwa msaada wa kadi ya harusi yake mwenyewe. Kipande kilichotumika si kirefu kuliko kidole changu cha mwisho, na bado kina alama ya grisi. Nimekihifadhi.

Hawa ni mtoto wa kaka yangu, aliyefariki mwaka juzi na kuacha Pijo 404 nyeupe aliyoitunza kama mtu. Hawa alipoposwa aliniomba jambo moja tu, kwamba atoke nyumbani katika gari la baba yake. Nilikubali kabla ya kufikiri.

Gari lile lilikuwa bado na platini, vile vipande viwili vya chuma ndani ya distributa vinavyogusana na kuachana ili plagi zipate moto. Kila baada ya miezi michache kaka alizisugua kwa msasa na kupima upya nafasi iliyo kati yake. Mimi sina mkono huo. Fundi wangu wa Arua aliniambia, "Weka ya elektroniki, usahau." Akanionyesha kiboksi cheusi ambacho ndani yake hakuna cha kugusana wala kulika. Nikakifunga wiki tatu kabla ya harusi.

Hawa alipoziona platini kuukuu mezani, alizitia katika kopo la maziwa ya unga pamoja na kondensa yake, kile kikopo kidogo kinachofungwa kando yake, akaliweka kwenye buti.

"Baba alikuwa hasahau gari lake," alisema. Nilimwacha. Bibi harusi habishiwi.

Saa tatu asubuhi, Arua. Mashangazi walitangulia kwa basi dogo la kukodi ili watupokee Midia, ng'ambo ya mji wa Koboko, ambako watu wa bwana harusi walitutarajia kabla ya adhuhuri. Hawa alikaa kiti cha nyuma, mikono yenye hina juu ya magoti, viganja vikitazama juu kama anayeomba dua. Hadi Maracha injini haikukohoa hata mara moja. Kando ya lami watu walikuwa wameanika muhogo, na wazee wawili walisimamisha baiskeli zao ili watutazame. Niliona fahari, na nikasema kwa sauti kwamba elektroniki ni kitu kingine.

Saa nne na nusu, upande wa Lobule. Gari lilizimika ghafla, kama redio iliyochomolewa waya. Nilizungusha starta, injini ikazunguka vizuri, lakini haikuwaka.

"Niwapigie mashangazi warudi?" Hawa aliuliza.

"Ngoja kidogo."

"Nitangoja, Baba mdogo. Ila ukishindwa, uniambie mapema. Usinidanganye."

Waendesha baiskeli watatu walitusukuma hadi kwenye maduka machache yaliyokuwa mbele. Hapo palikuwa na Fundi Lemi, dereva wa zamani wa jeshi ambaye sasa hutengeneza bodaboda na injini za kusagia mahindi. Alifungua boneti ya gari, akachomoa waya mnene wa koili, akausogeza karibu na chuma aone kama cheche itaruka, na kuniambia nizungushe.

"Moto haiko," alisema. Alikigonga kiboksi changu kwa ukucha. "Hii kitu mimi siwezi kufungua. Ikikufa, imekufa. Platine iko?"

Platine. Kwetu Arua tunasema platini. Yeye alilitamka kama wanavyolitamka upande wa Kongo. Nikalikimbilia kopo la maziwa. Lemi alizipokea platini, akazipuliza, akazisugua, akazifunga mahali pake na kuiunganisha kondensa. Kisha akanyoosha mkono bila kuinua kichwa.

"Kadi iko?"

Kadi ya gari bado ina jina la marehemu, na mpaka wa Kongo hauko mbali. Nilidhani anataka kujua kama gari ni la wizi. Niliitoa nikaanza kumweleza habari za kaka, za mirathi, za ofisi ambayo nimeiendea mara nne.

Lemi alinisikiliza hadi mwisho. "Pole sana ya ndugu yako," alisema. "Lakini mimi si polisi, mutu yangu. Nataka karatasi ngumu, ya kupima nafasi."

Kutoka kiti cha nyuma nilisikia kicheko. Hawa alikuwa akicheka mpaka shela inatikisika. Kwa ncha za vidole alichomoa kadi ya mwaliko kutoka kwenye mkoba wake.

"Baba pia alipima kwa kadi za harusi," alisema. "Ndiyo maana alikuwa hakosi mwaliko wa mtu. Ila fundi, jina la bwana yangu usikate."

"Nakata wapi?"

"Hapo pa kamati. Hawajafanya kitu."

Lemi alikata ukanda kwenye majina ya kamati, akauingiza kati ya platini, akakaza skrubu, akauvuta taratibu mpaka ukatoka kwa shida kidogo. "Zungusha." Cheche ya buluu iliruka. Akarudisha waya mahali pake, na mara ya pili gari likawaka. Nilitaka kumkumbatia, lakini alikuwa na grisi na mimi nilikuwa na kanzu nyeupe.

Saa sita kasoro, Midia. Mashangazi walipiga vigelegele kabla sijazima injini, nami nikaogopa kuizima. Shangazi mkubwa alilipapasa bodi, akasema, "Kumbe na yeye amekuja," akimaanisha kaka. Hawa alishuka, hina safi, macho yamelowa kidogo. Ndipo nilipopumua.

Jumapili nilirudi Arua peke yangu, kwa platini zile zile. Nimejifunza kwamba platini huugua kabla ya kufa, nawe ukiwa na sikio utazisikia. Kiboksi hakitoi taarifa. Nilikuwa tayari kukitupa. Lakini Jumatatu fundi wangu alikipima kwenye gari jingine, kikatoa cheche. Akakipima mara tatu, na mara zote tatu kilitoa cheche, kali kuliko za platini. Anasema huenda ni waya uliolegea, huenda ni joto. Sasa kimo ndani ya kopo la maziwa, kwenye buti, na kwa nini kilinyamaza pale Lobule, hakuna anayejua.