Nilifuta Jina la Senge

Kosa ni langu, wala sitaisingizia kompyuta. Nililiona jina lile, nikalielewa, kisha nikalifuta.

Nasomea shahada ya uzamili, na nilikuwa msimamizi wa jukwaa la mtandaoni la wakulima wa Busia na Tororo. Tulipokuwa wachache tulijuana. Wanachama walipoongezeka, wakaja wenye akaunti zilizopewa majina ya kuwatukana mama za watu. Malalamiko yakanielemea.

Nikaandaa orodha ya maneno machafu. Wiki nzima nilipima kila silabi! Jina lolote lenye mojawapo ya maneno hayo lingefutwa, na tangazo lingetokea mbele ya wote: "Ameondolewa kwa lugha chafu."

Kabla ya kuidhinisha, kati ya majina yatakayofutwa nikaona la Senge Mihogo, mama wa Bulumbi aliyetufundisha kuchagua vipando visivyo na ugonjwa. Katika Kiswahili cha mitaani, senge ni shina la tusi la kumdhalilisha mwanamume, nami nilikuwa nimeliweka orodhani. Kwa Kisamia, senge ni dada ya baba. Mimi mwenyewe nimelelewa na senge! Lakini nikajihoji: nikimwachia mmoja, wengine watadai nini? Nikaona kanuni haiwezi kuwa na mpendwa. Nikabonyeza.

Mtu akalipiga picha tangazo lile, akawatumia akina mama wa kanisa la Senge Mihogo, ambao yeye alikuwa mwenyekiti wao. Wakamwomba akae kando kwanza, hadi ijulikane alimtukana nani.

Habari ziliponifikia nilipanda boda hadi kwake. Nilimkuta akimenya mihogo. Niliomba radhi, nikamweleza kanuni yangu kwa urefu usiohitajika, nikaahidi kumrudisha kwa jina safi: Shangazi Mihogo.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisu mkononi.

"Dada ya baba yako, wewe unaita nani?"

"Senge."

"Na yeye pia ni chafu?"

Barua yangu ya kumsafisha ilisomwa kanisani, lakini kiti kilikuwa kimeshapata mwingine. Jukwaani amekataa kurudi. Wakati wa kupanda ukifika, wanachama huuliza Senge yuko wapi, nami ndiye wa kuwajibu.

Senge aliyenilea sijampigia simu tangu siku ile. Nikimpigia, itanibidi nianze kwa neno lile lile.

Wasimamizi wenzangu, msifute jina kabla ya kumuuliza mwenyewe maana yake. Orodha haina senge aliyeilea. Ninyi mnaye.