Kisanduku Kisichokuwa na Wimbo Wake

Iko siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka jirani wa duka la pili anachungulia kuona kama niko sawa. Ni ile Jumamosi ambayo nilikaribia kuvunja ndoa ya mama yako kwa kompyuta.

Juzi ulinipigia simu kutoka Maseno ukiwa umekasirika. Wewe na wanafunzi wenzako wawili mnatengeneza kisanduku cha kupiga muziki nyumbani, kila chumba na chake, na mmegawanyika. Mmoja anataka kisanduku kisiwe na akili yoyote, kitegemee seva kwa kila kitu, kwa sababu hivyo kitakuwa rahisi kutengeneza. Mwingine anasema seva ni usumbufu, itupwe. Ukaniuliza, "Mama Mkubwa, wewe ndiye umefunga muziki kwa mahoteli na makanisa Kisumu hii yote, unasemaje?" Nikakuambia nitaandika, kwa sababu jibu langu ni refu na kwenye simu ungenikatiza. Unakatiza watu sana. Hiyo tabia umeitoa kwa mama yako.

Wakati wa ile Jumamosi nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafanya kazi kwenye duka la intaneti mjini na nimepanga chumba Manyatta. Binamu yetu mmoja alikuwa amerudi kutoka Amerika na visanduku viwili vyeusi, kila kimoja ukubwa wa nusu mkate. Ukikiunganisha na spika, kinavuta muziki hewani kutoka kwenye kompyuta. Chenyewe hakikuwa na wimbo hata mmoja ndani. Nyimbo zote zilikaa kwenye kompyuta, na hiyo kompyuta ndiyo tuliyoiita seva. Nililipenda sana hilo neno. Nililitaja hata mahali pasipohitajika, hata kwa mama mboga aliyekuwa anataka tu kujua kama nachukua sukuma au mchicha.

Basi mama yako akapata mchumba, ndiye huyo baba yako, na siku ya ayie ikapangwa. Najua umelelewa Nakuru na Kijaluo chako ni cha kubahatisha, kwa hivyo nakueleza. Ayie ni siku ambayo watu wa mvulana wanakuja kwa mama wa msichana, wanampa heshima yake, naye anasema amekubali. Ni siku ya mama kuliko siku ya mtu mwingine yeyote. Nyanya yako alikuwa na wasiwasi wiki nzima, kwa sababu upande wa baba yako si wote waliokuwa wameturidhia. Shangazi yake mmoja alikuwa amesema waziwazi kwamba sisi watu wa karibu na mji tuna maringo, na kwamba kijana wao angepata mke mahali pengine bila kuhangaika. Siku hiyo ikienda vibaya, harusi ingeanza kuahirishwa, na ikianza kuahirishwa unajua mwisho wake.

Mimi nikajitolea kuleta muziki. Nikapeleka kompyuta nyumbani, nikaiweka chumbani kwetu, kisanduku kimoja nikakiweka sebuleni na kingine nje chini ya hema, kando ya amplifaya. Nilikuwa nimekusanya nyimbo kwa miezi: ohangla, benga, rumba, na nyimbo za kanisa kwa ajili ya wazee wa kanisa. Sasa hapa nitakuambia ukweli, maana hapa ndipo kosa langu lilipo. Vile visanduku vilikuja na rimoti zake. Nilizifungia chumbani pamoja na kompyuta, nikisema sitaki mjomba yeyote aliyeshiba aanze kubonyezabonyeza. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Mdogo wangu alikuwa anaolewa kabla yangu, na watu walikuwa wananitazama kwa huruma, ile huruma ya kukuongezea nyama kwenye sahani. Nilitaka kila wimbo siku hiyo upitie mikononi mwangu. Nilitaka waseme, bila huyu leo hakuna sherehe.

Wageni wakafika, wakala wakashiba. Nyanya yako alipika samaki siku hiyo kama mtu anayefanya mtihani. Kisha nikawasha muziki, na watu wakageuza shingo kutafuta redio iko wapi. Wanaona kisanduku kidogo tu na taa ya kijani. Niliringa, mwanangu. Nilikuwa nimevaa viatu vya kisigino kirefu na nilikuwa natembea mbele ya hao watu bila sababu yoyote.

Halafu akasimama mzee wa heshima tuliyemwita Jaduong' Ogola, babu wa baba yako, mrefu, mwenye kofia ya majani. Akainua fimbo juu. Hiyo ni pakruok. Kwetu muziki ukikolea, mtu anausimamisha ili ajisifu au amsifu mwingine, watu wanacheka, na akimaliza anateremsha mkono na wimbo unarudi. Wimbo ukirudi ni kama nyumba nzima imeitikia amina. Kila mtu anayepiga muziki Kisumu anajua hilo, na mimi nililijua tangu utotoni. Nilipokuwa napanga seva yangu, sikulifikiria hata mara moja.

Fimbo iko juu, na ngoma inaendelea. Nikakimbia. Kutoka hemani hadi chumbani unapita jikoni katikati ya masufuria, unakata kona ya sebule, unafungua mlango kwa ufunguo. Nikasimamisha. Nikamsikia kupitia dirishani: "Mimi Ogola, mtu wa ziwa. Nilivua mbuta mkubwa mpaka mtumbwi ukaniomba msamaha." Watu wakacheka, fimbo ikashuka, nikabonyeza, ngoma ikarudi. Nikatoka nje nikihema. Sijafika hata mlango wa jikoni, mjomba wako mmoja amesimama naye ameinua mkono. Nikarudi mbio. Safari ya nne nikavua viatu, na bado sikukubali kutoka na rimoti, maana ikionekana tu mjomba angeiomba.

Safari ya tano ndiyo iliyoniponza. Jaduong' Ogola alisimama tena, safari hii bila mzaha, akasema anataka kumsifu mama wa nyumba. Nikasimamisha muziki, na kwa sababu ni mama yangu anasifiwa, nikatoka hadi mlangoni nimuone uso. Mzee akasema, "Huyu mama amelea wasichana wawili peke yake, na amewalea vizuri mpaka sisi tumevaa viatu kuja kubisha hodi kwake. Kutoka leo huyu ni mama yetu." Nyanya yako akainamisha kichwa, akafuta macho kwa leso. Fimbo ikashuka. Nikakimbia chumbani, na nikakuta binamu yetu Lilian amepiga magoti sakafuni anapiga pasi. Kompyuta ilikuwa nyeusi.

"Lilian, umefanya nini?"

"Nimechomoa hii TV yako kidogo tu. Nguo ya Akoth imekunjana, na soketi ni moja."

Akoth ni mama yako. Nguo ilikuwa yake ya pili ya siku hiyo, na kusema haki ilikuwa imekunjana kweli. Nikarudisha plagi. Kompyuta za zamani hizo zikizimwa ghafla zilikuwa zinaamka kwa malalamiko, zinajikagua pole pole, namba baada ya namba. Huko hemani kisanduku kilikuwa kinaandika kwenye kioo chake kidogo kwamba kinatafuta seva. Na hema lote kimya.

Mwanangu, kunyamaza baada ya pakruok ni jambo baya. Mgeni amemsifu mama mwenye siku yake, na nyumba haijaitikia. Nilimwona baba yako ameshika chupa ya soda hajui aiweke wapi. Nilimwona nyanya yako anageuka kunitafuta kwa macho. Na ile sauti ya shangazi, ambayo haikuhitaji spika, ikasema, "Basi naona nyumba bado haijakubali." Nilikuwa dirishani, nina nyimbo mia kadhaa nyuma yangu, na sikuweza kumpa mama yangu hata mmoja.

Jaduong' Ogola akacheka. Akasema, "Hebu leteni mimi hiyo mfuko iko chini ya kiti." Akatoa redio ya kaseti ndogo, kifuniko cha betri kimefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akabonyeza. Ohangla ikaanza katikati ya wimbo, mahali alipokuwa ameachia njiani asubuhi. Akaisogeza karibu na maiki, na ile sauti nyembamba ikajaa hema. Kisha akamnyooshea nyanya yako mkono. Nyanya yako akasimama, akacheza na mzee, na wanawake wa pande zote mbili wakamfuata kwa vigelegele. Hata shangazi alisimama. Nilijiambia ni wimbo umemshinda nguvu, kwa sababu mabega yake yalianza kabla yake. Hivyo ndivyo nyanya yako alivyosema amekubali.

Kompyuta nayo ikaamka, haikuulizwa na mtu. Kisanduku kikampata bwana wake, kikaingilia katikati ya ohangla kwa wimbo wa mazishi wa kanisani, kwa sauti yote. Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Nikakimbia tena kukinyamazisha, sasa na mimi nacheka, sina la kuficha tena.

Baadaye kidogo mzee akaniita. "Nyathina, mtoto wangu, kuja ukae hapa. Hii kitu inaishi namna gani?"

Nikamweleza yote, seva na hewa na nyimbo. Alisikiliza kwa makini kuliko mwalimu wangu wa chuo. Akauliza nyimbo ni ngapi, nikamwambia, akapiga mluzi.

"Hiyo ni mzuri sana. Mimi yangu inabeba kaseti moja. Nikichoka nageuza upande." Akakiangalia kile kisanduku. "Lakini hii imesimama mbele ya wageni na haina kitu yake. Hata kunyamaza haiwezi kama haijaomba ruhusa kwa chumba. Siku ingine ipatie wimbo moja yake, na kifungo ya kusimamisha. Hizo zingine zote wacha zikae na seva yako."

Nikasema, "Nimesikia, Jaduong'."

Nilidhani amemaliza. Akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe pia toka kwa hiyo chumba. Dada yako anacheza tangu saa hizo na hujamuona."

Hilo ndilo lililonichoma. Ilikuwa kweli. Mama yako alikuwa amecheza na mumewe mtarajiwa, na nyanya yako, na mashangazi wote, na mimi nilikuwa nimeona mgongo wa mlango tu. Nikamwambia Lilian achomoe kompyuta amalizie nguo zake. Nikaenda hemani miguu mitupu, nikamshika mama yako kiunoni, tukacheza kwa ile redio mpaka betri zikaanza kuvuta sauti. Muulize. Atakuambia hiyo ndiyo sehemu anayoikumbuka.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Kisanduku chenu kifanye kazi bila seva. Mtu akikiwasha, kiimbe. Kiwe na nafasi yake ndani ya kuweka nyimbo, kisome flashi, na kama nyimbo ziko kwenye simu au diski humo nyumbani, kizifuate chenyewe bila kungoja kompyuta ya katikati iamke. Kifungo cha kusimamisha kiwe juu yake, mahali mkono wa mgeni unafika. Huyo mwenzako wa seva msimcheke, ana haki yake. Seva inapanga nyimbo nyingi vizuri, inafanya vyumba vitatu viimbe pamoja bila kimoja kuchelewa. Iwepo kwa anayeitaka. Lakini ikilala, au ikiwa ni ya kampuni ya mbali na mwenye nayo akichoka akaifunga, mama aliyenunua kisanduku chenu asibaki na plastiki sebuleni. Mimi kabla sijapokea kazi yoyote huchomoa kompyuta kwanza, nione ni nini kimebaki kinaimba. Wateja hudhani nimechanganyikiwa.

Na kuna jambo ambalo hukuniuliza. Unapotengeneza kitu, jichunguze kama unataka kiwafae watu, au unataka tu watu wasiweze bila wewe. Haya mawili yanafanana sana ukiwa kijana, na mimi niliyachanganya. Nilifurahi kuitwa huku na huku, na kumbe nilikuwa najifungia ndani wakati furaha ya nyumba yetu iko nje.

Mungu akubariki, mwanangu, pamoja na hao wenzako wawili wabishi. Mikono yenu isitetemeke na mitihani isiwasumbue. Kitu chenu kiingie nyumba ambazo hamtawahi kuziona, kiwachezeshe watu wasiojua majina yenu, na kisiwahitaji kamwe. Na siku ya sherehe, popote itakapokuwa, Mungu akukute uwanjani na watu wako, umeshikwa mkono, unacheza.