Nilitangaza kilio cha mama mudogo ku radio

Kosa ni yangu. Sitamutupia mutu mwingine, hata ule mutangazaji wa radio, juu hakunilazimisha. Nilisema miye mwenyewe, tena na furaha.

Hapa Bukavu kuko wimbo moja ya zamani ya jazz, wanaipigaka ku kila ndoa. Jina yake sitaandika. Saxo inaanza polepole, kisha muimbaji anaomba mutu arudie toka Luvungi. Wazee wakiisikia wanaacha sahani zao, wanaenda kucheza.

Mwaka yangu ya mwisho ku université, nilichagua historia ya ile wimbo kwa mémoire yangu, kitabu cha kumaliza masomo. Kila mutu niliuliza alijibu vile vile: mupiga saxo, sasa marehemu, aliitunga juu ya muchumba wake.

Siku moja nikamuelezea mama mudogo, ule alinilea Nyantende baada ya mama yangu kufa. Tulikuwa tunapalia maharagi. Akasimamisha jembe.

"Ni uongo," akasema. "Maneno ni yangu."

Mbele ya kuolewa, alizaa mutoto mwanamuke Luvungi na ule mupiga saxo. Kwa kuona haya, wazazi wake wakamurudisha Nyantende, mutoto akabakia kule kwa mama ya mupiga saxo. Malaria ikamubeba hata miaka mbili hajatimiza. Mama mudogo hakuona hata kaburi. Akaanza kumuimbia mu shamba: urudie, mutoto, njia imekauka. Mupiga saxo alipokuja kumuona, akasikia yale maneno, akayawekea muziki.

"Papa Déo anajua?" nikauliza. Papa Déo ni bwana yake, katekista.

"Hajue. Siku ya ndoa yetu waliipiga, akanikamata mukono tukacheza. Na wewe, mutoto wangu, usimuambie mutu."

"Sitasema, maman."

Nikaandika yote. Jina sikutia, nikajidanganya kama hiyo inatosha. Ba professeur wakanisifu sana. Kisha radio moja ikanialika Jumamosi asubui, nielezee ile historia.

Mutangazaji akauliza: "Na ule mama, iko muzima?"

"Iko," nikajibu. "Anaishi Nyantende. Bwana yake ni katekista."

Kumbe Papa Déo alikuwa ameita majirani nyumbani, wasikie mutoto wake anasema ku radio.

Hakupiga mutu, hakutukana. Alizima radio, majirani wakatoka moja moja. Akamuuliza muke wake: "Mutoto alikuwa anaitwa nani?"

Mama mudogo akamutajia jina.

"Ungeniambia," Papa Déo akasema. "Tungemulilia wawili."

Tangu siku ile wanaishi nyumba moja kama wageni. Papa Déo aliacha kufundisha katekisimu, juu watoto walikuwa wanaimba ile wimbo wakimuona ku njia.

Nikaenda kuomba musamaha. Mama mudogo alinipokea mulangoni, hakuniambia nikaribie.

"Ile wimbo ilikuwa fasi yangu moja tu ya kumulilia mutoto wangu bila mutu kuniuliza," akasema. "Wewe ukaingiza watu mule."

Nikashuka kilima nikilia mpaka barabara.

Siku ya kupewa diplome mama mudogo hakuja. Papa Déo alikuja peke yake, akakaa nyuma kabisa na koti yake ya misa. Tulipopangana kwa picha, nikamutafuta. Alikuwa amekwisha kuenda.

Wewe unaandika habari za watu, ao unapenda tu kuzielezea marafiki, unisikilize. Mutu akikuambia usiseme, usiseme hata bila jina. Kuficha jina hakumufiche mutu kwa wale wanaishi naye. Rudia kwake umuulize tena, na akikataa, tafuta habari ingine ya kuandika. Habari zingine zilikuwa nyingi. Miye nilitaka ile.