Mkalimani wa Mama Mkwe

Kimanda, lugha ya mama mkwe wangu, nilijifunza kwa kugombezwa. Mimi ni Mbena, mzaliwa wa kijiji cha Yakobi katika nyumba ya Walutheri, na nilipoolewa Makambako na Mkatoliki kutoka mwambao wa ziwa kule Ludewa nilipata mume, kanisa jipya na mama mkwe kwa mpigo mmoja. Mume wangu anapasua mbao, hukaa porini wiki nzima. Tulibaki sisi wawili jikoni, na mama hakuwa na haraka ya kunisifu. Ugali wangu ulikuwa teketeke. Dagaa, alisema, nilikuwa nawaosha mpaka nawaua mara ya pili. Baada ya miaka miwili nilikielewa Kimanda chote, hasa upande wa lawama.

Yeye Kiswahili alikuwa nacho cha kununulia chumvi. Tulikwenda naye misa kila Jumapili, lakini tangu ahamie huku hakuwahi kupokea komunio kwa sababu hakuwa ameungama. Watu wakipanga mstari yeye alibaki peke yake kwenye benchi, na jumuiya yetu ikazoea kumwita bibi mgeni. Iliniuma kumwona vile, hata siku alizonichosha.

Kwaresima ya mwaka jana aliugua kifua. Alipopata nafuu akasema anarudi ziwani, maana kule padre atamsikia kwa Kimanda. Kule hana mtu tena, na nyumba yake ilishabomoka. Tukamwomba paroko aje kuzungumza naye. Paroko akamwambia aungame kwa Kimanda hivyo hivyo, Mungu anajua lugha zote.

"Mungu sina wasiwasi naye," mama akajibu, nami nikatafsiri. "Ila wewe utaniondolea nini ambacho hukukielewa? Dhambi zangu sikuzitenda kwa Kiswahili."

Paroko akacheka, akasema Kanisa linaruhusu mkalimani, mradi atunze siri kama padre mwenyewe. Mume wangu akainuka akatoka nje, maana mtoto wa kiume hakai kusikiliza dhambi za mama yake. Nikabaki mimi. Nilikasirika, sitaficha, mzigo huo sikuuomba. Mama akaninyooshea kidole.

"Basi huyu," akasema. "Mdomo wangu anaujua."

Jumamosi ya kuamkia Matawi tukakaa watatu sakristia. Paroko akavaa stola, mama akaanza, nami nikafuata sentensi kwa sentensi. Yaliyosemwa siwezi kuyaandika. Mume wangu ameniuliza mara tatu, kila mara kwa ujanja mpya, na kila mara nimemwongezea chai. La kwangu mwenyewe naweza kulisema: kuna mahali nilikwama katikati ya sentensi. Wote wawili walinisubiri. Nikaendelea bila kupunguza makali hata neno moja.

Tukarudi nyumbani kwa miguu. Karibu na reli mama akasimama.

"Na wewe," akasema, "umenisamehe?"

Nikamwambia padre ameshamwondolea, mambo yamekwisha.

"Padre sikumkosea. Niliyemsema vibaya kwa majirani miaka yote hii ni wewe. Usiponijibu, kesho sipangi mstari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Machozi yalinitoka na nikaona aibu, mtu mzima nalia kando ya reli. Nikamjibu kwa Kimanda kwamba nimemsamehe, na neno lenyewe nikalikosea. Hakunigombeza. Akalitamka taratibu, nikalirudia, akalitamka tena, mpaka likatoka sawasawa. Ndipo akanishika mkono, akasema twende, viazi havijamenywa na kesho tunaamkia misa ya kwanza.