Bakuli la Mzazi

Kila nikipita kwenye vibanda vya nyama ya mbuzi pale Njoro, harufu ya kisusio, ile supu ya damu, hunifanya nivuke barabara.

Mama alikuwa amejifungua kitindamimba wetu. Baba alichinja mbuzi na kukinga damu, maana kwetu mzazi hurudishiwa nguvu kwa kisusio. Nilitumwa nimpelekee. Dada yangu alikuwa ameketi karibu na mlango, amenipa mgongo, anatafuna udongo alioubandua ukutani. Viganja vyake vilikuwa vimepauka kama majivu.

"Dada, nifungulie!"

Niliita mara tatu, bakuli likiniunguza vidole. Hakugeuka.

"Baba, dada anajifanya hasikii!"

Baba alikata fimbo ya mbuni, akamchapa. Dada alilia kwamba masikioni mwake kuna kitu kinatwanga kutwa nzima, na sauti zetu hazipiti.

"Kiburi tu hicho," baba akasema.

Wiki mbili baadaye dada alianguka akikata majani ya ng'ombe. Daktari alimfunua kope, akasema damu imemwishia, na ukosefu huo umemharibu hata masikio. Pengine hatasikia tena.

"Mzee, huyu mtoto mlikuwa mnampa nini?"

Mimi nilikumbuka bakuli. Mama alikuwa ameacha nusu, na kwa mila yetu msichana hali chakula cha mzazi. Basi siku ile nilimwita mbwa aje ale.

Alisikia mara moja.